Kalipa na Oili Nyekundu

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja kama siku zote, Kalipa aliyanusa maziwa kabla ya kuyatia kwenye chai. Aliyakamua mwenyewe, muda mfupi tu uliopita, na bado aliyanusa. Jekshen, mumewe, alimega mkate akamwachia kipande chenye ganda gumu, maana ndicho alichokipenda. Nje barafu nyembamba ilikuwa imeshika juu ya maji ya ndoo. Hawakuzungumza jambo kubwa. Kalipa alisema ndama anakohoa. Jekshen akasema ataangalia.

"Utaangalia kama ulivyoangalia paa?" Kalipa akamuuliza.

Akavaa koti juu ya koti, akatoka kulipasha gari moto. Jekshen alibaki na bakuli lake la chai akiisikiliza injini, kama alivyoisikiliza miaka mingi, bila kujua kwamba anasikiliza.

Kesho yake moyo ulimkamata Kalipa akiwa zizini. Hospitali alikwenda, hakurudi.

Alizaliwa upande wa Talas, binti wa mchunga farasi. Siku ya posa wazee walimsifu Jekshen kuwa ni kijana mpole. Kalipa, aliyekuwa nyuma ya pazia, akauliza kwa sauti, "Mpole, au hana la kusema?" Wazee wakacheka. Jibu alilipata mwenyewe baadaye, na hakulalamika. Alipoletwa bonde la Suusamyr akiwa bibi arusi, alikuja na kijiwe mfukoni, kijiwe alichokijua uzito wake, na kila alipokwenda dukani alikiweka kwenye mizani kwanza. Mwenye duka alinuna mwaka mzima. Mwaka wa pili akarekebisha mizani.

Ndivyo alivyokuwa. Alishuku mawingu, alishuku madaktari wanaochekacheka, alishuku mtu anayesifia ng'ombe wake bila sababu. Kwa hiyo watoto walipokwisha kuhamia mjini, na macho ya Jekshen yakawa hayaoni vizuri barabarani, na kondoo wakabadilishwa kwa gari kuukuu la Kijapani lenye usukani upande wa kulia na gia za otomatiki, akina mama wa bonde walijua nani wa kumpa bidhaa zao. Walimpa malai ya maziwa kwenye mitungi na jibini kavu kwenye mifuko, akavuka nayo mlima hadi soko la Kara-Balta, akarudi na haki ya kila mmoja. Walimwamini kwa sababu yeye hakumwamini mtu.

Kaka yake Jekshen aliitwa Satar. Kalipa hakuwahi kulitamka jina hilo, wala mke mwingine yeyote wa bonde lile halitamki jina la shemeji aliyemtangulia mumewe kuzaliwa. Alimwita Mwenye Nyumba ya Juu. Wala hakusema naye uso kwa uso. Akiwa na neno alimpa Jekshen alifikishe, naye Satar vivyo hivyo. Miaka mingi jambo hilo halikuwa na uzito, kwa kuwa Satar alikuwa dereva wa lori, leo yuko Osh, kesho yuko mpakani. Kisha akaliuza lori, akarudi kukaa nyumba ya juu katika ua uleule mmoja. Majira hayohayo ya kiangazi, gari la Kalipa likaanza kuteleza.

Lilianza kidogo. Ukiweka gia asubuhi, gari linasita, kama mtu anayetafuta kiatu, halafu linashtuka na kuondoka. Baadaye likawa linateleza kilimani. Unakanyaga mafuta, injini inapiga yowe, mlima uko palepale. Siku moja chini kidogo ya handaki la Too-Ashuu, njia inayotoboa mlima, lilikataa kabisa. Malori yalipita yakimpigia honi. Dereva wa lori la makaa ya mawe akalifunga kamba akalivuta. Malai ya akina mama yakachacha yote.

Jioni ile Satar alimwita Jekshen ukutani.

"Otomatiki ni kama farasi aliyevunjika goti," akasema. "Utamwuguza, lakini hutampanda tena. Theluji inakuja. Nimepata mtu wa Naryn anayekata magari kwa vipuri. Atatoa farasi jike, wa miaka minne, mwenye mimba. Anakuja Jumamosi."

"Kalipa je?"

"Kalipa atapata farasi wa kumkamua, maziwa ya farasi yana soko. Gari likimfia mlimani usiku wa theluji, utampata nani wa kukukamulia?"

Kalipa alikuwa nyuma ya mlango na chujio mkononi. Aliingia ndani, akakaa, akasema, "Kwa hiyo Jumamosi, likiwa bado linateleza, linaondoka."

"Ndivyo alivyosema."

"Na likiwa halitelezi?"

Alisema, "Basi haliondoki," na mkewe akamtazama kwa jicho la kumwambia kwamba ameahidi.

Alfajiri wakalitambaza gari mpaka njia panda, kwenye gereji ya kontena ya fundi Turgan. Turgan alikuwa kijana mwenye kucha nyeusi na mdomo usiotulia.

"Mama Kalipa! Umekuja kununua au kugombana?"

"Kutazama. Fungua boneti, na mikono yako niione."

Turgan akacheka. Akaliacha gari likiunguruma mpaka likapata moto, akapitisha mkono wa gia kote, nyuma, katikati, mbele, akaurudisha mahali pake, ndipo akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, injini ikiwa inaendelea kuunguruma. Hivyo ndivyo inavyopimwa, na Kalipa alilijua hilo tangu siku gari lilipofika. Oili ilikuwa chini kabisa, imegusa ncha tu. Turgan akaifuta kwenye karatasi nyeupe, akainusa. Kalipa akaichukua karatasi, akainusa pia.

"Imeanza kuungua," akasema Kalipa.

"Imeanza, lakini bado nyekundu. Pleti za klachi hazijafa. Giaboksi yako ina njaa tu, mama. Haina oili ya kusukuma, ndiyo maana inateleza." Akaongeza oili kidogo kidogo huku akipima. Wakaenda nalo mpaka kilima cha jirani, likapanda kama mbuzi.

"Mbona niliongeza hapahapa wiki iliyopita?" Kalipa akauliza. "Au uliniongezea maneno?"

"Ulisimama juu ya kichwa changu na kunihesabia matone!"

"Basi imekwenda wapi?"

Turgan akaacha utani. Akaingia chini ya gari akatoka: sampu, beseni la oili, ni kavu, mipira kavu. Akafungua rejeta: maji safi, hakuna oili iliyochanganyika. Akatazama moshi wa nyuma: mweupe haumo, wa bluu haumo. Akakaa juu ya tairi, akajikuna kidevu kwa kucha zake nyeusi.

"Oili ya giaboksi haiungui ikaisha kama ya injini, mama. Haipo ndani. Haipo chini. Haipo kwenye maji. Basi kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mimi sijui. Gari linalala kwenu, halilali kwangu."

Kalipa akarudi. Nyumbani alitandika maboksi mapya chini ya gari, kisha akang'oa unywele wa mkia wa farasi, akaukaza kutoka boneti hadi kwenye taa na kuubandika kwa nta. Asubuhi maboksi yalikuwa makavu. Unywele ulikuwa umekatika.

Tangu hapo nyumba ikawa haina raha. Alimshuku jirani wa chini, aliyekuwa na gari lake bovu na mdomo wa husuda. Akamshuku Turgan, kwamba ana rafiki wa kuja kuinyonya oili ili aiuze tena. Akachukua kopo jipya la oili kwa Turgan, akaliweka chini ya kitanda. Kisha, wakiwa kwenye chai, akamgeukia Jekshen.

"Mzee, asubuhi unatoka kabla yangu. Unakwenda wapi?"

"Chooni."

"Peke yako?"

"Mke wangu, chooni naenda na nani?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Jekshen aliinamia bakuli. Alikuwa anaumia, lakini alikuwa pia anaogopa, kwa sababu alianza kuona lile ambalo Kalipa hajaliona. Lango la ua, lililokuwa likilia kama punda tangu baba yao alipolisimamisha, lilikuwa halilii tena.

Hakusema. Lakini Kalipa naye alikuwa na masikio. Siku mbili kabla ya Jumamosi alirudi kutoka kisimani, akalisukuma lango kwa kiuno, lango likafunguka bila sauti. Akaweka ndoo chini. Akalirudisha, akalisukuma tena. Akapitisha kidole kwenye bawaba, akakitazama, akakinusa. Akaja ndani akakiweka kidole kile mbele ya pua ya Jekshen. Kilikuwa chekundu.

"Nani amelitia lango mafuta?"

Jekshen akatazama dirisha. Dirisha lile lilitazamana na nyumba ya juu.

"Aha," akasema Kalipa taratibu. "Kikulacho ki nguoni mwako. Huyo ndiye anayeniletea mnunuzi. Kwanza unamnyima farasi majani, halafu unasema amekonda, auzwe."

"Usimseme hivyo. Ni mkubwa wangu."

"Sijamsema. Nimemtaja jina? Nimesema farasi."

Jumamosi alfajiri alimwamsha Jekshen, akampa kamba ya ndama. "Njoo zizini unishikie ndama. Na ukikohoa, nitakukamua wewe."

Kulikuwa kumepambazuka tu, rangi ya majivu. Kalipa akakaa kwenye kigoda chini ya ng'ombe wake Madoa, akaanza kukamua pole pole, macho yake yakiwa kwenye mwanya wa ukuta. Jana yake alikuwa ameongeza oili mwenyewe, injini ikiwa na moto, mpaka alama ilipotaka. Haukupita muda mrefu, Satar akashuka kutoka nyumba ya juu, mikono ya shati imekunjwa, ametoka kutawadha. Akafungua boneti bila kelele. Akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa, akakiinua kwenye mwanga. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akatoa mpira mwembamba mfukoni, akauteremsha kwenye tundu la kijiti, akaweka ncha nyingine mdomoni, akanyonya, na kuuelekeza kwenye chupa.

Jekshen akaikaza kamba ya ndama. Kama angalikuwa mtu mwingine, Kalipa angalimwita kwa jina lake bonde zima lisikie. Lakini jina hilo hakuwa nalo mdomoni. Hakuwa na ruhusa hata ya kumwambia, wewe. Akapaza sauti, akamwambia ng'ombe.

"Madoa! Hebu tazama nje, mwanangu. Kumbe siku hizi watu wanakamua magari."

Satar alishtuka, akameza. Akatema, akatema tena, oili ikamtiririka kwenye ndevu. Alipopata pumzi hakugeuka. Naye alikuwa na heshima yake. Akaliambia zizi:

"Madoa! Mwambie huyo anayekukamua kwamba chombo kikijazwa kupita kiasi hupasua mipira. Mimi nimeliokoa gari hili kiangazi kizima."

"Madoa, muulize, ameliokoa au amelinyonya?"

"Mwambie, kila nikipima alfajiri oili imepita alama. Kila nikipima! Naipunguza, kesho imejazwa tena. Nani anayejaza hivyo kama si mtu asiyejua kupima?"

Mikono ya Kalipa ikasimama kwenye chuchu za ng'ombe.

"Madoa," akasema, safari hii bila kupaza sauti, "muulize, akipima, injini inakuwa imelala au imeamka?"

"Imelala! Nani mwenye akili atapima oili injini ikizunguka? Nimeendesha lori tangu sina ndevu. Unapima alfajiri, oili ikiwa imetulia. Ndiyo kazi."

Kalipa akainuka. Akapita karibu na Satar, ameinamisha kichwa na shungi lake, kama inavyopasa, akaingia garini akawasha. Akaja kukaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa zizi. Wote watatu wakangoja gari lipate moto. Mvuke ulitoka kwenye bomba la moshi, ukapanda, ukatawanyika. Satar alisimama ameshika chupa yake nyekundu, na mara moja alijipangusa ndevu kwa kiwiko.

Gari lilipopata moto Kalipa akapitisha gia zote, mguu kwenye breki, akarudisha. Akashuka, akachomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakitia, akakichomoa. Hakumpa Satar mkononi. Alikilaza juu ya boneti, akarudi nyuma hatua kadhaa, akageuka upande.

Satar akavaa miwani. Akakiinamia kijiti. Kilikuwa kikavu mpaka karibu na ncha. Akakichukua, akakifuta, akakitia mwenyewe, akakitazama tena. Akafanya hivyo mara kadhaa, kama mtu anayetaka kumnasa shahidi kwenye uongo.

"Imekwenda wapi?" akanong'ona.

"Madoa, mwambie iko kazini. Injini ikilala, inarudi nyumbani yote, nyumba inaonekana imejaa. Injini ikiamka, inatoka kwenda kusukuma gia. Yeye alikuwa anawahesabu watu usiku wamelala, anasema wamezidi, anawafukuza."

Satar akavua miwani. Akamgeukia Jekshen.

"Nilikwambia tangu mwezi wa saba, mkeo anazidisha oili. Ulimwambia?"

Jekshen akaitazama kamba ya ndama. Alikuwa ameambiwa, ni kweli. Alidhani ni lawama tu, na lawama alizoea kuzimeza zikaishia kwake.

"Madoa," akasema Kalipa, "unamwona huyu? Sisi wawili tunapigana kwa oili, yeye amelala na habari tumboni kama mbwa mwenye mfupa."

Hata Satar alicheka kidogo. Lakini Kalipa hakucheka. "Na mnunuzi, Madoa? Mnunuzi naye alimuokota alfajiri?"

Satar akainua mkono wake wa kushoto, wenye vidole vitatu, kila mtu nyumbani alijua kwa nini. "Mwambie nililala mlima ule na lori lililokufa, baridi ikala vidole viwili. Sikumtakia yeye hivyo. Ni hilo tu."

Alipanda nyumba ya juu, akarudi na chupa mikononi, oili yote ya kiangazi isipokuwa ile iliyopewa lango. Akazipanga chini karibu na tairi. Kalipa akazinusa moja moja. Moja ilikuwa na nywele za mbuzi, moja iliwahi kuwa ya siki. Akazikataa zote, akaenda kuchukua kopo lake chini ya kitanda, akaongeza oili mpaka alama.

Mnunuzi wa Naryn alifika jua likiwa juu, farasi jike amefungwa nyuma ya gari lake, mzuri, tumbo la mviringo. Satar akampokea, akamkaribisha chai. Kalipa akamwambia Jekshen, kwa sauti ya kutosha nyumba mbili, "Mwambie Mwenye Nyumba ya Juu, kama hana kazi, akae garini. Twende mpaka mdomo wa handaki na kurudi. Mnunuzi anywe chai."

Satar akaketi mbele, upande wa kushoto. Ni upande aliozoea kuukuta usukani maisha yake yote. Jekshen alisimama langoni akiwaona wanaondoka, na kwa kuwa walimpita karibu na kioo kilikuwa wazi, aliuona mguu wa kaka yake ukikanyaga breki isiyokuwepo.

Walikawia. Mnunuzi alikunywa chai bakuli baada ya bakuli, akatoka kumtazama farasi wake, akarudi. Jekshen alisikiliza. Kwanza akasikia upepo. Halafu akasikia injini ikija kutoka upande wa mlima, haipigi yowe, inavuta kwa utulivu, gia zikibadilika moja baada ya nyingine, laini, kama mtu anayekunja nguo.

Gari likaingia uani. Satar akashuka, uso umepauka. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kidogo. Kisha akaenda kwa mnunuzi, akamshika bega, akamtembeza mpaka kwa farasi wake, na wale waliokuwa karibu walimsikia akisema, "Samahani, ndugu. Hakuna mgonjwa hapa." Akapanda kwenda nyumba yake, hakugeuka nyuma.

Akina mama walikuwa tayari langoni na mitungi yao. Kalipa akaanza kuipanga kwenye buti, akinusa kila mmoja. Jekshen akamsaidia kubeba. Alitaka kusema kwamba amefurahi, kwamba amekosa, kwamba siku nyingine habari ataifikisha. Alichoweza kusema kilikuwa kifupi.

"Huko njiani, amesemaje?"

Kalipa akafunga buti, akaujaribu mfuniko wake mara mbili, akatazama nyumba ya juu, kisha akamtazama mumewe. Maneno yake Jekshen anayo mpaka leo, yalivyo, hayajapungua hata moja:

"Hakusema kitu, lakini kesho boneti uitie kufuli, mzee, maana mtu akishaonja utamu wa kusaidia, haachi."